Yoga katika vitabu vya kale vya Kisanskriti: ni mikao ya mwili, ni ibada, au ni elimu ya nafsi?

Kijana wa Jambiani anauliza:

Assalamu alaykum. Nafanya kazi katika hoteli moja ya pwani ya kusini Unguja, ambako wageni hutandika mikeka ufukweni kila asubuhi wakafanya yoga, na sasa nimeombwa nijifunze ili niwe msaidizi wa mwalimu wao. Nilipolitaja jambo hili nyumbani, ami yangu alilipinga kwa nguvu, akisema kwamba yoga ni ibada ya Mabaniani iliyopewa jina la mazoezi. Mwalimu wa hotelini naye ananihakikishia kwamba ni kunyoosha viungo na kuvuta pumzi tu, na kwamba mikao yote anayotufundisha imetoka katika vitabu vya maelfu ya miaka. Nawaheshimu wote wawili, lakini hakuna hata mmoja wao aliyenionesha kitabu.

Hukumu ya sharia nitaiuliza kwa masheikh wanaostahiki kuitoa. Hapa naomba maelezo: vitabu vya kale vya Kisanskriti ambavyo yoga inanasibishwa navyo vinasema yoga ni nini, vinamtaka mtu afanye nini, na kwa lengo gani? Na je, mikao ninayoiona kila asubuhi imo ndani yake?

Maalim wa Mkunazini anajibu:

Waalaykumu ssalaam, mwanangu. Umefanya vyema kuyatenga maelezo na hukumu, kwa sababu wengi wetu huanza na hukumu na kurasa hawazifunui kabisa.

Kitabu cha kuanzia ni Yogasutra cha Patanjali, ambacho watafiti wengi wa leo wanakiweka kwenye karne ya 4 au ya 5 Miladia. Kina sentensi fupi 195, nakala nyingine 196, zilizogawanywa katika sura nne. Ufupi wake ni wa kiasi kwamba hakisomeki bila sharhe, na sharhe kongwe kabisa, inayonasibishwa na Vyasa, imeshikana nacho hivi kwamba mtafiti Philipp Maas anaona matini na sharhe vilitoka katika mkono mmoja. Sentensi ya pili ya kitabu ndiyo inayotoa jibu la swali lako: yoga ni kuyatuliza mageuko ya akili. Yote yanayofuata ni kueleza mageuko hayo ni yapi, kwa nini yanamtesa binadamu, na yatulizwe kwa njia gani. Patanjali anataja nguzo mbili za utulizaji huo, yaani mazoezi ya kudumu na kuacha kushikamana na vitu, na anasisitiza kwamba mazoezi huwa imara pale tu yanapoendelezwa kwa muda mrefu, bila kukatizwa na kwa moyo wa dhati.

Utaratibu wa viungo vinane umo katika sura ya pili. Kiungo cha kwanza, yama, ni kujizuia: kutodhuru, kusema kweli, kutoiba, kuizuia tamaa ya mwili na kutojilimbikizia mali. Cha pili, niyama, ni mambo ya kushikamana nayo: usafi, kuridhika, kujitesa kwa nidhamu, kusoma maandiko na kujisalimisha kwa Ishvara, Bwana. Baada ya hayo ndipo unakuja mkao, asana, kisha pumzi, pranayama, kisha kuzirudisha hisi ndani zisikimbilie vitu vya nje, kisha viungo vitatu vya ndani kabisa, ambavyo ni kuifunga akili mahali pamoja, kuidumisha hapo, na hatimaye kuzama hadi kinachobaki ni kile kinachotafakariwa peke yake, hali inayoitwa samadhi. Uone basi kwamba mtu hafiki kwenye mkao kabla ya kutakiwa aache uongo, wizi na ulafi. Mkao wenyewe umepewa sentensi tatu tu katika kitabu kizima. Ya kwanza inasema uwe imara na wa raha; ya pili inasema hukamilika kwa kulegeza juhudi na kuizamisha akili katika kisicho na mwisho; ya tatu inasema mwenye kuupata hasumbuliwi tena na vinyume kama baridi na joto. Sharhe inaongeza majina ya mikao karibu 12, na takriban yote ni namna za kukaa chini.

Liko jambo ambalo nalipenda mno na ambalo watu wa visiwa hivi wangestahili kulijua zaidi. Kitabu hiki kiliingia katika Kiarabu miaka elfu moja iliyopita, kwa mkono wa Abu Rayhan al-Biruni, mwanazuoni wa Kiislamu aliyezaliwa Khwarazm mwaka 973, akasoma Kisanskriti na kukaa na wanazuoni wa Kihindi. Tafsiri yake aliipanga kwa maswali na majibu: mwanafunzi anauliza, Patanjali anajibu. Nakala yake ilikuja kuonekana Istanbul, na Hellmut Ritter akaichapisha mwaka 1956. Katika kitabu chake kikubwa kuhusu India, alichokimaliza mnamo mwaka 1030, Al-Biruni anarudi kwa Patanjali mara kwa mara na kuyaweka maneno yake kando ya maneno ya masufi, apate kumwonesha msomaji wapi yanakaribiana na wapi yanaachana. Hakusilimu kinyumenyume kwa kukisoma, wala hakukitukana. Alitaka Waislamu wajue majirani zao wanasema nini kwa ulimi wao wenyewe, na alilaumu wazi wazi wale waliokuwa wakiandika juu ya Wahindi kwa kunakili uvumi.

Binti wa Hurumzi anajibu:

Habari zenu nyote. Mimi natoka katika familia ya Wahindu wa Kigujarati iliyokaa Mjini tangu enzi za babu wa babu yangu, na namshukuru Maalim kwa maelezo yake. Napenda kuongeza kitabu ambacho majumbani mwetu husomwa zaidi kuliko cha Patanjali, nacho ni Bhagavadgita, chenye sura 18 na beti 700, kilichomo ndani ya utenzi mkubwa wa Mahabharata.

Bibi yangu hakupata kusimama kwa mguu mmoja wala kuinamisha kichwa baina ya magoti, lakini kama ungemwambia kwamba hafanyi yoga angekushangaa sana. Kwake yoga ilikuwa kutimiza wajibu bila kung'ang'ania malipo, na hilo analifundisha Krishna, Mungu wetu, katika sura ya pili anapomwambia shujaa Arjuna kwamba yoga ni usawa wa moyo, uwe umefanikiwa au umeshindwa, na tena kwamba yoga ni ustadi katika matendo. Wasikilizaji wa maneno haya walikuwa watu wa nyumba, wenye watoto na kazi, na kwa hiyo Gita haikutaka kila mtu akimbilie msituni. Inataja njia ya matendo, njia ya ujuzi na njia ya mapenzi kwa Mungu, na zote inaziita yoga.

Ukitaka maelezo ya kukaa na kutafakari, soma sura ya sita. Inaeleza kiti kilichowekwa mahali safi, kisiwe juu mno wala chini mno, chenye majani ya kusha, ngozi na kitambaa, na mtu akae juu yake mwili, shingo na kichwa vikiwa sawa, bila kutikisika. Kisha inasema maneno ambayo bibi alikuwa akiturudishia tulipokuwa wadogo: yoga haimfai anayekula kupita kiasi wala asiyekula kabisa, haimfai mwenye kulala mno wala mwenye kukesha mno.

Kwa ami yako naomba umpelekee salamu na neno hili kwa heshima. Ana haki anaposema kwamba yoga imefungamana na imani yetu. Ndani ya Gita anayezungumza ni Mungu tunayemwabudu, na siwezi kusema vingine ili nimfurahishe mtu. Ninachomwomba ni kwamba asidhani kila kilichofungamana na imani yetu ni uchawi au ushirikina wa kumtega kijana wake.

Mnyooshaji viungo wa Wete anajibu:

Nachangia upande wa mwili na pumzi, kwa kuwa ndiyo kazi yangu, na nimevisoma vitabu hivi katika tafsiri kwa sababu wagonjwa huniuliza.

Mikao mingi, pumzi za kuzuiliwa na kusafisha mwili kwa maji na vitambaa havikutoka kwa Patanjali. Vimetoka katika kundi la vitabu vya baadaye vinavyoitwa vya hathayoga, vilivyoanza kuandikwa kuanzia karne ya 11 hivi, na mashuhuri kati yake ni Hathapradipika cha Svatmarama, cha katikati ya karne ya 15. Kitabu hicho kinafundisha mikao 15, na hapo pia mingi ni ya kukaa, ingawa upo wa kujiinua kwa mikono kama tausi na upo wa kulala chali kama maiti. Gheranda Samhita, kilichoandikwa mnamo mwaka 1700, kinafundisha 32. Kijana, ile mikao ya kusimama kwa mfululizo unayoiona asubuhi, na ile salamu ya jua inayofanywa kwa mtiririko mmoja, imeenea kwa sura yake ya leo katika karne ya 20. Mtawala wa Aundh, huko India, aliieneza salamu ya jua kuwa mazoezi ya siha katika miaka ya 1920, na mwalimu wa yoga Krishnamacharya alifundisha mikao ya mfululizo katika kasri la Mysore katika miaka ya 1930. Mwalimu wako anapokwambia kwamba yote hayo yameandikwa tangu kale, mwombe akuoneshe ukurasa.

La pumzi ndilo linalonitia wasiwasi zaidi. Svatmarama anasema kwamba pumzi ikitikisika akili nayo hutikisika, na ikitulia hutulia, na kwa sababu hiyo anaifanya pumzi kuwa mlango wa yote. Lakini papo hapo anaonya kwamba pumzi hufugwa pole pole, kama afugwavyo simba, tembo au chui milia, na kwamba asiyekwenda taratibu pumzi hiyo humuua. Anayataja maradhi yanayoletwa na pumzi iliyoendeshwa vibaya: kwikwi, pumu, kikohozi, maumivu ya kichwa, ya masikio na ya macho. Nimewaona watu wazima wenye shinikizo la damu wakifundishwa kuzuia pumzi kwa muda mrefu katika darasa lao la kwanza, na aliyekuwa akifundisha hakuwauliza hata swali moja kuhusu afya zao. Mwandishi wa karne ya 15 alikuwa mwangalifu kuliko hivyo.

Na kwa kuwa mnafanya ufukweni: Shvetashvatara Upanishad, andiko takatifu la Kihindu ambalo ni la kale kuliko Patanjali, inaeleza mahali pa kukalia, na inasema pawe tambarare, safi, pasipo na changarawe, moto wala mchanga, na pakingwe na upepo. Naamini sababu yake ni ya kimwili kabisa, kwa maana mchanga hauushiki mguu wala nyonga kwa usawa, na mgongo hulipa.

Msomaji wa Chake Chake anajibu:

Nimewasoma nyote kwa makini, na nina jambo ambalo sikubaliani nalo katika jinsi Maalim alivyolieleza.

Maalim amesema kwamba mtu hafiki kwenye mkao kabla ya kuacha uongo na wizi, na msomaji wa kwetu atafurahi, ataona kwamba haya ni yale yale tuliyofundishwa chuoni. Lakini tazameni sharhe inavyokieleza kiungo hicho cha kwanza. Patanjali anasema kwamba kutodhuru kunakuwa nadhiri kuu pale kusipowekewa mpaka wa ukoo, mahali, wakati wala hali. Sharhe inatoa mfano wa mvuvi: mvuvi anayedhuru samaki peke yao, na asimdhuru kiumbe mwingine yeyote, bado kutodhuru kwake kuna mpaka, na kwa yogi, yaani mwenye kushika yoga, hakutoshi. Mimi ni mtoto wa mvuvi. Samaki kwetu ni halali kwa andiko, na riziki ya kisiwa kizima inatoka baharini. Kwa hiyo yama ya Patanjali, ikichukuliwa kwa uzito anaouweka yeye, inamhukumu baba yangu, na siwezi kuivaa nusu nikasema nimeivaa yote.

Pili, lengo. Kitabu kinaishia kwenye kaivalya, yaani nafsi safi kutengana kabisa na maumbile ili isirudi tena katika mzunguko wa kuzaliwa. Pranayama, dhyana (kule kuidumisha akili mahali pamoja) na mengine yote yamepangwa kuelekea huko. Mtu asiyeamini kuzaliwa upya anaposema anafuata yoga ya Patanjali, anafuata ngazi ambayo paa lake amelikataa.

Tatu, Al-Biruni. Namheshimu kama Maalim anavyomheshimu. Lakini katika Kisanskriti, Ishvara wa Patanjali ni nafsi ya pekee isiyoguswa na machungu, matendo wala matunda yake, naye ni mwalimu wa wale wa kale kwa kuwa hafungwi na wakati. Matini haisemi kwamba aliumba mbingu na ardhi. Al-Biruni alipolifikisha jambo hilo katika Kiarabu, mwanafunzi anauliza ni nani anayeabudiwa, na jibu linakuja kwa lugha ya Mmoja wa milele asiyehitaji chochote, lugha ambayo sikio la Mwislamu linaipokea mara moja. Amelisogeza upande wetu. Anayemsoma Al-Biruni peke yake atadhani umbali ni mdogo kuliko ulivyo.

Kijana wa Jambiani:

Ahsanteni sana, na shukrani kwa dada wa Hurumzi kwa salamu zake, nitazifikisha. Sasa swali langu limekuwa zito zaidi. Kama mikao ni sehemu ndogo, na kama ngazi ina paa lake, je, vitabu vyenyewe vinaruhusu mtu wa imani nyingine achukue sehemu akaacha nyingine?

Maalim wa Mkunazini:

Ndugu yangu wa Chake amesema kweli juu ya lengo, na mfano wake wa mvuvi nauona ni mzito kuliko hoja nyingi zinazopitishwa misikitini na hotelini kuhusu jambo hili. Nakubaliana naye pia kwamba Al-Biruni alimsogeza Patanjali. Hata hivyo alisogeza baada ya kusoma, na mbele ya wasomaji wa wakati wake hakuna aliyekuwa amewapa kitabu hicho kabla yake.

Swali lako la mwisho lina jibu lililoandikwa. Dattatreyayogashastra, kitabu cha hathayoga cha karne ya 13 hivi, kinasema kwa uwazi kwamba Brahmani, mtawa, mfuasi wa Buddha, Mjaini, hata asiyeamini chochote zaidi ya vitu vionekanavyo, akishika mazoezi kwa imani na kuendelea nayo, atafanikiwa. Kinaongeza kwamba mafanikio huja kwa kutenda, na Svatmarama baadaye akalirudia hilo: hayaji kwa kuvaa mavazi ya yogi wala kwa kuzungumza juu ya yoga. Kwa hiyo ndani ya mapokeo yenyewe uko mkondo unaoufungua mlango kwa mtu wa madhehebu mengine, na Waislamu wa India waliupita. Muhammad Ghawth wa Gwalior, sheikh wa tarika ya Shattari katika karne ya 16, aliandika kwa Kiajemi kitabu cha Bahr al-hayat, chenye sura nzima ya mikao ya mayogi, akichukua alichoona kinaafikiana na adhkari zake.

Lakini mlango kuwa wazi hakumaanishi kwamba nyumba haina mwenyewe. Nikupe mfano mmoja wa matini. Svatmarama anamwamuru yogi aache robo ya tumbo tupu. Wewe unaijua hadithi iliyopokewa na Tirmidhi, theluthi ya chakula, theluthi ya maji, theluthi ya pumzi, na utaona ukaribu wake mara moja. Sasa endelea na sentensi hiyo hiyo ya Svatmarama mpaka mwisho: chakula hicho kiliwe kwa kumridhisha Shiva, mungu wa Kihindu. Kitendo kimoja, nia mbili, ndani ya mstari mmoja. Nchi za Waislamu zimelitazama jambo hili kwa macho tofauti. Baraza la Taifa la Fatwa la Malaysia lilikataza mwaka 2008, lile la wanazuoni wa Indonesia likakataza mwaka 2009 yoga yenye maombi na itikadi za Kihindu, na Saudi Arabia mwaka 2017 iliiruhusu kama mchezo wa viungo. Ukienda kwa sheikh wako, usimuulize «yoga ni halali?» kwa jumla. Mwambie ni mikao ipi, kuna matamko gani yanayosemwa, anayeyasema anaelekea wapi, na wewe unatakiwa kusema nini. Swali lililofafanuliwa hivyo linajibika.

Binti wa Hurumzi:

Naafiki, na naongeza kwamba katika madarasa mengi ya hotelini husomwa «Om» mwanzoni na mwishoni. Patanjali anasema wazi kwamba hilo ndilo neno linalomtaja Ishvara. Kwetu ni tamko takatifu. Nisingependa litamkwe na mtu asiyeliamini kwa ajili ya kuwafurahisha wageni, kama vile wewe usivyopenda shahada itamkwe hivyo. Mwombe mwalimu akuruhusu unyamaze wakati huo. Asipokubali, utakuwa umejua jambo moja kuhusu darasa lake.

Mnyooshaji viungo wa Wete:

Kwa upande wa kazi: kama utakubali usaidizi, kubali kwanza mikao ya kukaa na ya kulala, jifunze kuuliza wageni kuhusu mgongo, magoti, mimba na shinikizo la damu, na ukatae kufundisha kuzuia pumzi mpaka upate mtu aliyeifanya kwa miaka mingi akusimamie. Mkeka msiuweke juu ya mchanga mkavu. Mchanga uliolowa na kushindiliwa na maji kupwa ni afadhali, na baraza ya saruji ni bora zaidi.

Maalim wa Mkunazini:

Na kwa upande wa kusoma: anza na sura ya pili ya Patanjali kuanzia sentensi ya 28 mpaka mwisho wake, pamoja na sharhe, kwa sababu hapo ndipo viungo vitano vya mwanzo vinapoelezwa na ndipo utakapomkuta mvuvi wa ndugu yetu wa Chake. Kisha soma sura ya sita ya Gita. Kitabu cha Svatmarama kiweke mwisho, kwa kuwa kinadhani msomaji wake tayari ana mwalimu aliyekaa mbele yake. Ukikwama kwenye sentensi yoyote, iandike hapa kama ilivyo na sisi tutaisoma pamoja nawe.